Vita vya Kuponi Iliyovikwa Plastiki

Tegeni masikio, enyi mliowahi kupanga foleni mkarudishwa kwa kukosa muhuri, nanyi mliotunza kuponi ya sabuni hadi ikapitwa na tarehe! Zimeni redio, wekeni vijiko chini, niwasimulie vita vilivyopiganwa Jumanne, saa nne ya asubuhi, katika kasino iliyo juu ya duka la magodoro. Naapa sitatia chumvi ila pale itakapopungua.

Alikuwako Mtia-Plastiki, simba wa mashine ya moto, mlinzi wa vyeti, ngao ya leseni dhidi ya jasho na mvua. Miaka tisa alikaa katika kibanda chake cha fotokopi akizivika karatasi za watu vazi lisilochakaa, na miaka hiyo tisa mama mkwe wake aliiita kazi hiyo mchezo wa watoto. Mama huyo naye alikuwa mkata kuponi asiye na mfano. Alizikata magazetini tangu usichana wake, na maskini, hapakuwa na hata moja iliyopata kukubaliwa popote.

Jumapili, mbele ya ukoo mzima, akamkabidhi mkwewe kuponi ya kasino: weka chipu moja, ile sarafu ya kasino, kwenye meza ya karata za blakjeki pamoja na karatasi hii, na ukishinda utalipwa mbili.

"Ikikubaliwa, sitakusema tena," akatamka. "Ikikataliwa, uza hiyo mashine ukapime misumari dukani kwa shemeji yako."

"Nimekubali, mama!" akanguruma shujaa. Mkewe alimkanyaga mguu chini ya meza, lakini maji yalikuwa yamekwisha mwagika.

Nyuma ya kuponi paliandikwa: isikunjwe, isichanike, isilowe. Shujaa akasoma mara tatu, akatabasamu, akaitia plastiki. Jamani, hapo mimi nilishika kichwa.

Basi wakapanda ngazi, shujaa mbele, mama mkwe nyuma na mkoba wake kwapani. Ndani, wafagizi walikuwa wakifyonza vumbi la zulia, na mgawa karata, binti wa kizibao chekundu, alikuwa akipiga miayo.

"Ewe mlinzi wa meza ya kijani!" akapaza sauti shujaa. "Ipokee kuponi hii, iliyovuka siku mbili bila doa wala kunjo!"

Binti akaigonga mezani. Ikalia ko.

"Mzee wangu, hii haiingii. Zikishatumika tunazitumbukiza humu." Akaonyesha kisanduku kilichofungwa kwa kufuli ubavuni mwa meza. Tundu lake lilitosha karatasi tupu. Ya shujaa ilizidi kwa ukingo wa plastiki kila upande.

Akaitwa msimamizi, jitu la tai fupi. Akaisoma kuponi mbele na nyuma kama hakimu.

"Haijakunjwa. Haijachanika. Na kulowa, hii hata ukiichemsha hailowi. Lakini isipoingia kisandukuni, mimi siijui. Kata ukingo."

Lo! Mnajua walichomwambia? Fundi wa plastiki hakati hadi kwenye karatasi, kwa maana ukingo ndio unaoshika. Ukiuondoa, kazi yote inafumuka. Shujaa aliomba mkasi, akakata pande zote nne, na plastiki ikaachama mbele ya macho yake.

"Sijapata kuharibu kazi yangu mwenyewe," akasema taratibu. Mama mkwe akaviokota vile vipande vya ukingo, kimoja kimoja, akavitia mkobani.

Karata zikagawiwa. Shujaa akapata tisa na tatu. Binti akafunua sita. Anayekaribia ishirini na moja ndiye mshindi, na anayeipita ameangamia.

"Ongeza moja, wee!" akanong'ona mama mkwe.

"Mama, tumwachie yeye aiongeze."

Binti akafunua karata yake ya pili: kumi. Akavuta nyingine: nane. "Nimezidi," akasema, akasukuma chipu mbili. Kisha akaichukua kuponi, akaitia tunduni, ikazama bila kusita.

"Imekubaliwa?" akauliza mama mkwe, sikio kisandukuni.

"Imekubaliwa, bibi."

"Sema tena."

"Imekubaliwa."

Wafagizi wakazima mashine zao, wakapiga makofi. Enyi waandishi wa tarehe, andikeni: siku hiyo, kuponi ya bibi yule iliheshimiwa duniani, na majeshi ya misumari yakarudi nyuma yakiwa yameinamisha vichwa!

Ila kwenye ngazi, mama mkwe alisimama. Akafungua mkoba, akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa picha ya marehemu mumewe, picha ya pekee, pembe moja imekwisha kuliwa na mende. Akaishika muda mrefu kabla ya kumpa shujaa.

"Hii uiachie ukingo mpana, mwanangu."