Tamthilia Ndani ya Kikapu cha Unga

Ijumaa, 11 Julai 2025

Ukumbi wa Ufukoni ulijaa. Mgeni: Bi. Norini Tadweli, Mmarekani, mwandishi wa tamthilia na mtengenezaji wa filamu. Kasimulia maisha yake saa nzima. Baba fundi viatu. Tamthilia ya kwanza kaiandika jikoni mwa hoteli alikokuwa akiosha vyombo. Rafiki akaiomba aisome, akaipeleka kwenye jumba la maonyesho, na leo Bi. Norini ana filamu tisa. Watu makofi. Mimi nikakunja mikono. Rafiki gani? Jina hakulitaja! Halafu eti mwenye mswada ampelekee, mmoja atautengenezea filamu. Aliyetafsiri ni Frank, jirani yangu, mwalimu wa Kiingereza. Alitabasamu mno.

Mimi ni karani wa bandari, lakini nina tamthilia ya miaka kumi na moja: "Mjane wa Kilambo". Sitaki kitu kingine duniani ila kuiona ikichezwa na jina langu likitajwa. Kwa usalama, ukurasa wenye jina nimeunyofoa.

Jumamosi, 12 Julai

Frank kapita mlangoni mara mbili. Mara ya pili kaomba chumvi. Nani huomba chumvi saa nne asubuhi? Nimeufunga mswada kwenye nailoni, nikauzika chini ya unga wa muhogo, kikapuni. Rozalia sikumwambia. Ni mke wangu, sawa, lakini anaimba kwaya moja na Frank.

Jumapili, 13 Julai

Kikapu hakipo! Rozalia kakitoa sadaka!

Baada ya ibada, mnada nje ya kanisa kama kawaida. Kuku, ndizi, kisha kikapu changu. Nikanyoosha mkono. Mzee Filipo, mnadishaji wetu, akauliza mbele ya usharika mzima, "Baba Upendo, unga umetoka kwako, unaurudisha kwako?" Wakacheka, wakanisifu kwa kutoa mara mbili. Frank akapandisha bei. Nikapandisha. Akapandisha tena, anacheka! Mfuko ukakauka. Ndipo ukainuka mkono kutoka benchi la wageni: Bi. Norini. Kakichukua.

Mmarekani na unga wa muhogo wapi na wapi? Walishapanga.

Jumanne, 15 Julai

Kaukuta mswada. Frank kamsomea wote. Nasikia kacheka, kalia, kacheka tena. Jioni wakaja wote wawili nyumbani Magomeni, kikapu mkononi, kuuliza nani kaandika. Rozalia, bila kupepesa macho: "Si huyu hapa mume wangu! Miaka yote ananiamsha alfajiri anisomee."

Nikauona mtego. Bi. Norini alikuwa na karatasi na kalamu. Anataka mwenye mali atie saini kisha aporwe! Nikasema siujui mswada huo. Frank akadai mwandiko ni wangu, anauona kila wiki kwenye ubao wa matangazo ya kanisa. Nikamjibu miandiko hufanana. Rozalia akanitazama kama anavyotazama ugali ulioungua. Mgeni akauliza tena, taratibu, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Wewe, hapana?"

Nikasema hapana. Nilitamani sana kusema ndiyo.

Alhamisi, 17 Julai

Kaondoka. Kapitia Kilambo, kavuka kwenda Msumbiji. Kauacha mswada kwa Frank, na barua; Frank kaniletea vyote viwili. Nikamtaka Frank aisome mara mbili, mimi nikiutazama mdomo wake. Ile karatasi ilikuwa mkataba wa filamu, nafasi ya jina la mwandishi ikiwa wazi. Alingoja mpaka asubuhi. Mwandishi akijitokeza, amwandikie. Anwani hii hapa.

Nililia. Naandika hivi kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu.

Jumamosi, 19 Julai

Nimetafakari, na kosa langu nimeliona: kikapu. Mahali pa wazi mno! Barua yenye anwani nimeichana vipande vipande, Frank asije akaandika akijifanya mimi. Mswada sasa uko chini kabisa ya gunia la mchele. Hapo hata shetani hafiki.

Rozalia alikuwa hanisemeshi tangu juzi. Leo kafungua mdomo. Kesho ni sikukuu ya mavuno, anaona tutoe kitu kikubwa. Nimefurahi mpaka nikamwambia achukue chochote anachopenda. Asiguse kikapu tu.