Orodha ya Mali ya Marehemu

Jamani, leo nimeaibika mbele ya ukoo mzima nisioujua, na maiti wao akisikia. Nawaandikia nikiwa kwangu Kimilili, nimekaa juu ya ndoo. Viti vipo. Mke wangu amenikataza kuvikalia mpaka nijieleze.

Mnaonijua mnajua mimi ni mtu wa mipango. Kiwanda cha biskuti kiliponipunguza baada ya miaka kumi na minne, wenzangu walienda kunywa. Mimi nilienda kununua daftari. Juu nikaandika KUHAMA. Nikamtanguliza mke wangu, binti yetu Nafula na wadogo zake nyumbani, nikabaki Dandora, Nairobi, na vyombo, nikipiga hesabu. Lori linaloleta mahindi Nairobi halafu linarudi tupu, nusu bei (huo ndio ujanja). Wapakiaji wawili, si watatu. Chai ya njiani, kikombe kimoja. Hata mia ya kumwachia mlinzi wa ploti nilikopanga niliiandika, kisha nikaifuta, nikaandika hamsini.

Sasa, sisi watu wa nyumbani tunaoishi Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, tuna kikundi. Tunachanga kila mwezi, ili mmoja wetu akifia Nairobi apelekwe kwao bila familia kuombaomba barabarani. Mimi nilikuwa katibu. Katiba niliiandika kwa mkono wangu. Kifungu cha saba: lori la kikundi litabeba marehemu na mali yake pekee. (Kuna jamaa aliwahi kuficha mifuko sita ya simiti chini ya jeneza la shemeji yake. Aliyemkamata ni mimi.) Kifungu cha nane: mali ya marehemu iandikwe yote, na orodha isomwe mbele ya familia, asije mtu kusema kikundi kimeiba.

Jumapili iliyopita nilisimama mkutanoni nikadai michango yangu irudishwe, maana nahama na sijafa.

"Mtu akifa mnampeleka bure," nikasema. "Mimi kosa langu ni kuwa hai?"

Watu wakacheka. Mama Jesca, mweka hazina wetu, hakucheka. Akasema pesa za kikundi hazirudishwi, na kama sielewi nimuulize katibu. (Katibu ni mimi.) Hapo hasira ikanipanda. Nikamwambia, "Wewe Mama Jesca hupendi mtu mpaka awe ndani ya jeneza." Mumewe tulimpeleka nyumbani mwaka juzi, na orodha ya vitu vyake niliisoma mimi.

Ningeomba msamaha palepale. Badala yake nikasema naenda kwetu nikiwa na pumzi zangu, lori lenu mtalipanda wenyewe. Nikajiuzulu, nikatoka kwa kishindo. Nikarudi kuchukua mwavuli.

Haya, leo.

Saa kumi na moja alfajiri simu inalia. Ni dereva wa lori la mahindi. "Mzee, nimepata mzigo wa Mombasa. Zile pesa zako nitakurudishia nikipata." Akakata. Nikapiga tena, mteja hapatikani. Nikafungua daftari nikatafuta mahali nilipoandika pesa za lori la pili. Hapakuwa na mahali kama hapo.

Saa kumi na mbili na nusu mpangaji mpya akafika na mkokoteni umejaa. Mama mmoja mpole, ana mtoto mgongoni. Kodi amelipa, kwa hivyo haki ni yake. Vyombo vyangu vikatolewa nje: sofa seti ya watu saba, kitanda, friji, televisheni, jiko la gesi. Vyote vimekaa kando ya mtaro wa maji machafu, na vitambaa vya kufuma vya mke wangu vimetandazwa juu ya viti, vya rangi ya machungwa. Watu wakipita wanasalimia. Mmoja aliuliza sofa ni bei gani.

Mfukoni nilibaki na pesa ya nauli yangu peke yangu. Ningepanda basi nikaviacha, jioni visingekuwepo. Na miaka kumi na minne yote ya kubeba katoni za biskuti ilikuwa imeisha kuwa hivyo vitu. Sina kingine cha kuwaonyesha watoto.

Nikampigia Mzee Makokha, mwenyekiti wa kikundi. Nilijua leo wanampeleka Barasa.

Barasa alikuwa soja wa kulinda godauni usiku, akiishi chumba kimoja mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben. Alikufa kwa kichomi. Miaka yote hakuwahi kuchelewesha mchango, lakini Krismasi ikifika alibaki Nairobi. Akiulizwa anasema ataenda akipata kitu cha kubeba.

"Mzee, lori la Barasa lina nafasi?"

"Nafasi ipo. Barasa hana kitu."

"Naomba vyombo vyangu vipande."

"Wewe si marehemu, Wafula. Kifungu cha saba. Ni wewe uliyesema hata sindano isipite."

Nikamwambia nina wazo (hapo ndipo shetani anapokaaga). Tuandike vyombo ni vya Barasa. Kwangu lori linapita kabla ya kwao. Tukifika kwangu vinashushwa, orodha naichana, Barasa anaendelea na safari yake. Makokha akashusha pumzi.

"Haya. Mwandiko utakuwa wako, na dhambi yako."

Mguu wake mbovu haumruhusu safari ndefu, lakini alikuja na lori mpaka Dandora. Nikakaa juu ya friji nikaandika, kwa ule mwandiko wangu mnaousifu: MALI YA MAREHEMU. Sikuweza kujizuia, kila kitu nikakipamba. "Friji moja, baridi yake ni ya kuaminika." Mwisho kabisa nikaandika vile vya Barasa mwenyewe. Makokha akaikunja, akaitia kwenye bahasha, akampa dereva.

Tukaenda kumchukua Barasa mochari. Mama Jesca alikuwa anangoja hapo na wanawake wanne wa kikundi. Dereva akampa bahasha, kama kifungu cha nane kinavyotaka. Mama Jesca akatazama sofa zilizopakiwa, akanitazama mimi, akapanda mbele. Hatukusalimiana. Wale wanne wakafuata kwa gari dogo. Mimi na Barasa tukapanda nyuma, yeye akalazwa katikati ya viti.

Nakuru nikampigia mke wangu nimwambie ajiandae tunashusha vyombo.

"Unakuja na lori gani?"

Nikamwambia.

"Baba Nafula, gari lenye maiti liingie boma langu, kwani hapa tumefiwa? Mpelekeni kwao kwanza."

Na ana haki. Kwetu gari la maiti haliingii boma lisilo na msiba, hilo hata mtoto analijua. Nami nalijua tangu nizaliwe. Ila nilipokuwa nikipanga nilikuwa nahesabu mafuta.

Kwa hivyo ilibidi nimwambie Mama Jesca, kabla hatujafika kwa kina Barasa, kwamba orodha aliyoshika ni ya uongo. Ni neno la dakika moja. Lakini ningemwambiaje mtu niliyemwambia yale ya Jumapili? Tuliposimama kununua maji alinipitishia chupa moja bila kunitazama. Nikasema nitamwambia Eldoret. Eldoret nikasema nitamwambia Webuye. Webuye nilikuwa nimelala, kichwa kimeegemea jeneza.

Nikaamshwa na vilio. Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili jioni, boma limejaa watu. Jeneza likashushwa, likawekwa chini ya turubai, wakalia sana. Kisha vijana wakaanza kushusha sofa.

Vilio vikapungua. Nikasikia mzee mmoja akimwambia mwenzake, "Kumbe Barasa alikuwa mtu." Friji ikashuka. "Tulimsema bure," akajibu yule mwingine. Na mimi niko juu ya lori, nawaambia vijana ngojeni, ngojeni kwanza, wanadhani nawaambia wabebe polepole.

Wakampa mama yake Barasa kiti cha kwanza, kile cha mtu mmoja. Ni mama mzee sana, wa kushikwa mkono. Akakaa taratibu, akapapasa kitambaa cha machungwa kwa vidole, akageukia watu.

"Alikuwa na mtu wa kumfumia," akasema. "Mimi nilidhani anaishi peke yake."

Hapo ndipo ningenyamaza, nikamtafuta Mama Jesca pembeni. Lakini Mama Jesca alikuwa ameshasimama kando ya jeneza, amevaa miwani, ameshika karatasi.

"Kwa niaba ya kikundi, tunakabidhi mwili wa ndugu yetu na mali ya marehemu. Namba moja. Friji moja, baridi yake ni ya kuaminika."

Watu wakaguna kwa heshima.

"Namba mbili. Televisheni moja, haijawahi kuguswa na fundi."

Akafika namba ya kitanda. Nikaona mjomba wa marehemu ameshaanza kuwaonyesha vijana nyumba kitakamoingia. Nikaona kichwani watoto wangu wamelala chini. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Hivyo ni vyangu!"

Boma zima likageuka. Na jinsi nilivyo mjinga, nikaendelea. "Vyote! Na sofa! Huyu hakuwa na kitu!"

Nilisema hivyo. Mbele ya jeneza lake. Yule mjomba akaniuliza kwa upole wa kutisha, "Wewe ni nani unayepora maiti?" Vijana wawili wakapanda lorini. Nikapiga kelele kwamba orodha niliitunga mimi ili nipate lori, ushahidi upo, mwandiko ni wangu. Wakaniletea karatasi, nikaandika jina langu kwa kalamu ya Mama Jesca huku wamenishika kola, wakalinganisha herufi. (Mwandiko mzuri nao una siku yake ya kukunyonga.) Wakaniachilia. Mjomba akaisoma orodha tena toka juu, akaikunja, akamrudishia Mama Jesca. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Mama mzee akauliza, "Basi mwanangu ameleta nini?"

Mama Jesca akatafuta mwisho wa karatasi. Sauti yake ikapungua. "Koti moja la kazi. Tochi moja. Redio moja ndogo."

Mama akaitikia kwa kichwa, kama mnunuzi aliyetajiwa bei. Kisha akashika mikono ya kiti, akaanza kujiinua. Ilimchukua muda. Hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuna aliyejua la kufanya.

"Chukua kiti chako, baba," akaniambia.

Jamani, mimi ni mbahili. Najijua. Lakini yule mama alikuwa amesimama nusu, ananipisha mimi kwenye msiba wa mtoto wake.

"Kaa, Mama," nikasema. "Hicho ni chake kweli. Mimi nilichanganya orodha."

Akanitazama. Alijua nadanganya, na watu wote walijua. Mama Jesca akasogeza miwani, akaitazama karatasi ambayo haikuwa na kitu kama hicho.

"Ni kweli," akasema. "Imeandikwa hapa. Kiti kimoja cha mtu mmoja, pamoja na vitambaa vyake. Cha marehemu."

Mama akarudi kukaa. Akaomba redio awekewe mapajani.

Tulipopakia vilivyobaki, Mama Jesca alikuja nyuma ya lori. Nikamwambia nisamehe kwa yale ya Jumapili. Akasema tutaongea, kwanza nipeleke vitu kwa watoto kabla giza halijaingia.

Nimefika. Vyombo vimeshuka, watoto wanarukaruka kitandani. Mke wangu amezunguka viti mara mbili akihesabu kwa kidole. "Ni vya watu sita. Cha saba kiko wapi? Na vitambaa vyangu?" Daftari nimelifungua, nimeandika mstari wa mwisho kabisa: kiti kimoja. Bei nimeiacha wazi.

Kisha nimemtumia Mama Jesca mchango wangu wa mwezi huu kwa simu, nikamuuliza kama kikundi kitanipokea tena. Amejibu sasa hivi: "Karibu tena, marehemu."

Nyinyi msicheke. Mke wangu bado amesimama hapa, na mimi bado niko kwenye ndoo.