Vijana Ishirini na Wawili Kuelekea Jiwe Letu

Jumatano, 3 Agosti

Na ndiyo maana nasema bado mimi ni kijana. Kuolewa si kuzeeka. Lakini kanisani kwetu ukishavishwa pete unahamishiwa Umoja wa Kina Mama, utake usitake. Nina wiki tano za ndoa na miaka mitatu ya uenyekiti wa vijana. Wiki tano zifute miaka mitatu? Nimemwendea mchungaji. Akaguna. Kasema Jumamosi niwapeleke vijana matembezi na kuwarudisha kabla ya saa kumi na moja jioni, naye atanitetea kwa wazee nimalize mwaka. Nikishindwa, nihamie kwa kina mama.

Kazi ndogo. Mume wangu atakuja nami. Seremala, mabega yale, sauti ile. Akiniambia twende mwezini nitauliza tu nivae nini.

Alhamisi, 4 Agosti

Kikao cha matayarisho. Katibu wangu tunamwita Ratiba, maana hata chafya anaipangia saa. Kiti changu anakimezea mate, kila mtu anajua. Akapendekeza bustani ya manispaa: karibu, kuna vivuli, kuna vyoo. Nikasema hapana, tunakwenda kwenye Jiwe. Wakauliza jiwe gani. Lile la mlimani, ambako mume wangu aliniomba tuoane. Vijana wakaone upendo safi ulipoanzia.

Ratiba akauliza kama njia naijua. Nikamjibu njia ya siku kama ile haisahauliki. Akasema, “Sawa, Mama.” Nimemzidi miezi minne tu!

Mume wangu alitaka kesho tukaikague njia. Nikamwambia kesho nina kazi: nashona shati lake na blauzi yangu, kitambaa kimoja.

Jumamosi, 6 Agosti

Nianzie palipokuwa pazuri. Saa mbili asubuhi, mimi na mume wangu mbele kwa kitambaa kimoja, vijana ishirini na wawili nyuma wakiimba. Niliamuru mikate na mayai yabaki kwenye gari la kanisa, kwa kuwa tungerudi ndani ya muda wa saa moja tu. Nilijivuna, sikatai.

Kisha njia panda. Nikasimama. Hapo ndipo nilipogundua kwamba siku ile sikuitazama njia hata kidogo. Nilimtazama yeye. Nakumbuka shati la buluu, kifungo cha pili kimelegea. Nakumbuka alikohoa mara tatu. Njia, sina habari nayo. Nikamnong’oneza mume wangu, yeye je? Akasema alikuwa akikariri maneno ya kuniambia, na alichoona ni kandambili zangu tu.

Moyo uliniyeyuka. Tukashika kushoto, upande wa moyo.

Saa sita, miiba. Saa nane, wimbo umekufa na mtu mmoja anauliza mikate iko wapi. Saa tisa tukateremkia bonde nisilolijua, tukatokea uani kwa kanisa lisilo letu. Kina mama wa pale walikuwa kwenye maombi ya mfungo, na ndiyo kwanza walikuwa wanafungua. Mwenyekiti wao akatutazama, nguo zimejaa majani na miiba, akauliza nani kawaongoza hawa. Ratiba akanielekezea kidevu. Yule mama akaniuliza nina muda gani kwenye ndoa. Nikasema wiki tano. Akasema, “Nilijua tu,” akatukaribisha chakula chao chote.

Mmoja wao akatutangulia kuturudisha. Mimi na mume wangu tulikuwa nyuma kabisa, kichwa changu begani mwake. Tulifika saa moja jioni. Mchungaji alikuwa getini na saa mkononi.

Jumapili, 7 Agosti

Kikao cha wazee kilikuwa kifupi kuliko matangazo. Kiti kapewa Ratiba. Nikamkabidhi daftari la mahudhurio, miaka mitatu ya mwandiko wangu, na nikalia kidogo nyuma ya kabati la vitabu vya nyimbo. Atalipenda lile daftari mtu huyu? Kalipokea kwa mikono miwili, namsifu kwa hilo. Akaniambia wasichana watatu wamemuuliza kama kweli mtu anaweza kupenda hadi asione njia.

Basi lengo la matembezi limetimia. Hakuna mwenyekiti aliyewahi kufikisha somo kwa miguu namna ile. Mume wangu naye kahamishiwa kwa wanaume. Anasema angepotea tena nami hata kesho.

Jumanne, 9 Agosti

Siku yangu ya kwanza kwa kina mama. Wamenikalisha mstari wa mbele, na mama mkwe akamwambia jirani yake huyu ni wangu. Nimekua urefu kwa sentimita mbili.

Mwenyekiti akasema lazima watu waende kuwashukuru kina mama waliotulisha. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Akauliza kama njia ninaijua. Nikasema juzi tu nimeipita, tena polepole. Mmoja mwenye magoti mabovu akaleta habari za barabara kuu. Nikamtuliza: ya mlimani ni fupi. Na mume wangu atakuja, nimeshamwomba avae lile shati.

Kina mama nitakaowaongoza ni thelathini na mmoja. Nimewapa neno langu: kabla mwezi huu haujaisha, tutakuwa tumewatembelea wale waliotulisha.