Hotuba ya Kuzindua Breki za Diski za Kombi ya Zahanati

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maboresho ya Kombi, ambaye ni mimi, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye baada ya wengine wote kupata udhuru ni mimi tena, Katibu wangu mchapakazi, Mama Mkunga, shemeji yangu, pamoja na wajawazito wako wanne mlioketi ndani ya kombi tayari kuteremka hospitali kuu, Dereva, Fundi, wadau wote wa mteremko, mnaokaa juu na mnaokaa chini, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Ya Katibu.)

Kombi hii imeitumikia zahanati yetu miaka arobaini na moja kwa breki za kizamani za dramu, ambazo Dereva amekuwa akizikanyaga mara tatu ndipo zishike. (Dereva: “Tano, mzee. Juzi tano, na ya sita nikaomba Mungu.”) Ahsante, tano, takwimu zinaboreka. Ndipo mimi, kwa maono yangu ambayo wengi wenu mmekuwa mkiyasifu kimoyomoyo, nikaelekeza kwamba baada ya semina elekezi, na baada ya fizibiliti stadi, na baada ya semina nyingine ya kutusaidia kuielewa hiyo fizibiliti stadi, kombi ihamie kwenye teknolojia ya diski, yaani ile sahani ya chuma inayobanwa pande mbili mpaka gurudumu linasalimu amri, ila ibaki na magurudumu yake ya asili, yale yenye vifuniko vya kung’aa ambavyo mimi ujanani nilikuwa najitazamia nikichana nywele. (Kicheko. Watoto wanauliza nywele zipi.)

Ndugu zangu, katika eneo la magurudumu tumefaulu kwa asilimia mia moja. Azimio namba saba, lililopita kwa kauli moja, lilisema magurudumu ya asili yasiguswe, yasilegezwe, wala isifunguliwe nati hata moja, na mpaka ninavyosimama hapa halijakiukwa. (Fundi: “Mzee, diski inakaa nyuma ya gurudumu. Nati hazifunguliwi, sasa inaingizwa kupitia wapi? Dirishani?”) Hoja imepokelewa, itapelekwa Kamati Ndogo ya Madirisha. (Fundi: “Na kalipa, hilo dude linaloibana diski, kuna mtu alipima kama litaenea ndani ya ringi ya zamani? Likigusa ringi, gari halisogei.”) Kalipa limeshaandikiwa barua rasmi kulitaka lijirekebishe kulingana na ukubwa wa ringi, na hadi leo asubuhi lilikuwa halijaleta pingamizi lolote. Na gari lisilosogea, Fundi, lina usalama kiasi gani? Fikiria kitaalamu.

Kutokana na juhudi hizo, usalama wa mteremko wetu umepanda kutoka asilimia hamsini na tatu hadi asilimia mia moja na nne, na msiniulize hiyo nne ya juu imetoka wapi, hiyo ni mchango wangu binafsi. Tutafunga diski nne na ya tano tutaitundika ofisini kwa kumbukumbu. Kona ya pale chini tutaielimisha. Na ule ukuta wa shule, ambao watu wenye nia mbaya wanasema kombi iliugonga, uchunguzi umebaini kwamba ukuta ndio ulikuwa—

(Mkunga, kupitia dirishani: “Shemeji, huyu binti uchungu umeshaanza. Mengine utatumalizia njiani. Panda mbele, tushuke wote, uzindue!” Makofi makubwa kuliko yote ya leo. Dereva anafungua mlango wa mbele na kupangusa kiti kwa kofia yake.)

Nimeguswa. Nimeguswa sana. Ningependa kupanda, tena ningependa kuliko ninyi nyote, lakini kanuni zinanifunga mikono na miguu, hasa miguu, kwa sababu mgeni rasmi haruhusiwi kupanda chombo cha mradi ambao haujaidhinishwa. Na huu haujaidhinishwa kwa kuwa kamati haijakaa. Na kamati haijakaa kwa kuwa wajumbe hawajateuliwa, ukinitoa mimi, na ile kauli moja mliyoisikia ilikuwa yangu.

(Mkunga: “Shukeni wanangu, taratibu, shikaneni mikono. Haya, na lile gari jeupe la shemeji, breki zake zikoje?” Dereva wa Mheshimiwa: “Diski, mama. Zote nne.”)

Namwomba dereva wangu asijibu maswali ya kiufundi. Tuhitimishe kwa kaulimbiu. Magurudumu! (“Ya asili!”) Diski! (“Ziko wapi?”) Tutarekebisha kiitikio.

Kwa namna ya pekee namshukuru Fundi, ambaye hakuwahi kuitwa. Namshukuru mwenye duka la spea, ambaye hakuwahi kuulizwa bei. Namshukuru Katibu kwa kubeba faili la mradi kwa heshima kubwa licha ya kwamba halina kitu ndani. Na nawashukuru kina mama, ambao naona mmeshaenea garini mwangu mpaka kiti changu, shemeji akiwa amekipakata kikapu changu cha matunda. Dereva wangu, uende polepole, halafu unirudie. Unirudie, umesikia? (Vumbi.)

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Kama kuna mtu anateremka kwa miguu, twende naye, nitamweleza fezi ya pili ya mradi.