Ramani Niliyochora kwa Kinyozi

Ijumaa, 6 Machi

Wiki ya pili mjini. Leo mhadhiri wa upimaji ardhi ametupa kazi. Kila mtu atembee katikati ya mji kwa miguu yake mwenyewe, Jumamosi na Jumapili, achore ramani kwa mkono. Simu marufuku. Anasema ramani iliyonakiliwa kwenye simu anaitambua kwa harufu. Tunakabidhi Jumatatu saa tatu. Mwenye ramani bora atakuwa kiongozi wa kikosi muhula mzima, na ndiye atakayeshika darubini ya kupimia.

Nimepiga simu nyumbani, nikamwambia Mama nimeshachaguliwa. Nilikusudia kusema nitachaguliwa, ila mdomo ulitangulia. Mama akapiga vigelegele, akamwambia Mjomba, na Mjomba Jumatatu anasafiri kupitia mji huu huu. Atateremka chuoni saa sita anipige picha na darubini. Mama anataka kuitundika sebuleni, pale ilipo kalenda.

Kwa hiyo sina hiari. Lazima nishinde.

Mpinzani ni mmoja tu, ninayelala naye chumba kimoja. Tunamwita Kilomita kwa sababu huhesabu hatua zake, hata za kwenda bafuni. Jioni nzima amekuwa akikagua kamba za viatu.

Jumamosi, 7 Machi

Kilomita ameondoka saa kumi na mbili na nusu, daftari mkononi, chupa ya maji kiunoni. Nimemwonea huruma. Mji umejaa watu waliozaliwa humo. Kwa nini niutembee mimi wa juzi?

Nimehamia kwa kinyozi, hatua thelathini kutoka geti la hosteli (hesabu ya Kilomita). Kinyozi ni mzee asiyenyamaza, na kwenye benchi lake kuna wazee wawili ambao sijaona hata mmoja akinyolewa. Nikauliza njia ya kwenda katikati ya mji. Ikawa kama nimefungua bomba.

Kinyozi akasema nyoosha mpaka sinema, kata kushoto. Mzee wa kofia akabisha: kushoto ni baada ya kiwanda cha sabuni, si kabla. Mwenye redio akasema wote wawili wamesahau daraja la mbao. Wakagombana, wakapatana, nikachora. Kufikia saa kumi nilikuwa na sinema, kiwanda, daraja, mnara wa saa na soko la mkaa. Na vipimo juu yake, maana mzee wa kofia alikuwa tarishi na anaijua kila nyumba kwa dakika za baiskeli.

Hasara pekee: nimenyolewa mara mbili, nisionekane nimekaa bure. Kichwa kinapata baridi.

Kilomita amerudi anachechemea. Malengelenge miguu yote miwili, mitaa minne tu. Akapendekeza tusaidiane, yeye anionyeshe yake nami nimwonyeshe yangu. Nikamwambia kila mtu ale jasho lake. Nilitamka jasho bila kupepesa macho.

Jumapili, 8 Machi

Kilomita amechungulia ramani yangu nikiwa napiga mswaki. Akauliza sinema nimeiona wapi, maana yeye pale alikuta duka la magodoro. Nikamjibu kwamba anayetembea akihesabu hatua huangalia chini. Akarudi kwenye kamba za viatu vyake.

Mchana nikahitaji penseli za rangi. Mara yangu ya kwanza kuingia katikati ya mji. Nikachukua ramani yangu, nikanyoosha mpaka sinema. Hakuna sinema. Magodoro. Nikaendelea mpaka kiwanda cha sabuni, nikakuta maghorofa na watoto wanacheza mpira. Njia ya daraja la mbao ilinifikisha ukingoni mwa mto, na mto haukuwa na habari ya daraja lolote.

Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akiuza maji pale. Akacheka kwa upole. Akasema sinema ilibomolewa yeye akiwa msichana, kiwanda kikafungwa, na daraja lilikwenda na mafuriko hata kabla ya hapo. Ila watu wa hapa wanaelekezana hivyo hivyo mpaka leo. Yeye mwenyewe anaishi nyuma ya kiwanda. Anayepotea ni mgeni tu.

Nimepotea kwa saa tatu nzima. Maji yamenifika shingoni. Nikamfikiria Mama ameshaitoa ile kalenda ukutani. Niliporudi nikamwendea Kilomita kwa unyenyekevu, nikamwambia lile wazo lake la kusaidiana nimelifikiria upya. Akaifunika ramani yake kwa blanketi. Nilistahili, lakini blanketi zima?

Muda wa kuchora nyingine haupo. Nimeamua kuikabidhi hii hii, uso mkavu. Kufa na tai shingoni.

Jumatatu, 9 Machi

Mhadhiri alipita meza kwa meza. Kwangu akasimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaweka kidole nyuma ya kiwanda cha sabuni, akasema nyumba yao ilikuwa hapo. Alisema kwa sauti ndogo sana. Nikaanza kuiona darubini.

Kisha akauliza kama nimetembea mwenyewe. Nikasema kila hatua. Akauliza, kwa adabu kabisa, nilivukaje daraja lililosombwa na maji miaka ishirini kabla sijazaliwa. Nikasema kwa uangalifu. Darasa likaangua kicheko, na aliyeanza ni mhadhiri.

Kilomita ndiye kiongozi. Ramani yangu mhadhiri ameiomba aitundike ofisini kwake. Mimi nimepewa kubeba ile miguu mitatu ya kusimamishia darubini. Ni mizito.

Saa sita kamili Mjomba huyo. Akanikuta na miguu mitatu begani, Kilomita ameshika darubini. Nikamweleza kwamba kiongozi hubeba msingi, hicho cha juu huachiwa wasaidizi. Mjomba akaelewa. Akaitoa darubini mikononi mwa Kilomita, akanipa mimi, kisha akampa Kilomita simu atupige picha. Kilomita akanitazama. Neno moja tu lingetosha kunimaliza. Hakulisema. Akapiga picha tatu, akauliza kama tunataka nyingine.

Niliona aibu ya kweli. Ilinipanda mpaka kwenye upara. Nikaazimia kumwambia Mjomba ukweli nikimsindikiza getini. Getini akaniuliza kituo cha mabasi kiko wapi. Kiongozi wa wapima ardhi hawezi kusema hajui. Nikamwambia anyooshe mpaka sinema, akate kushoto.

Jumanne, 10 Machi

Mama amepiga simu. Mjomba aliachwa na basi, amelala gesti, na anauliza ni sinema gani hiyo. Nikamwambia kuongoza kikosi kunachosha, mengine anisamehe. Picha imemfikia na ameshaipeleka ikasafishwe. Kalenda imehamia jikoni.

Mhadhiri ametoa kazi mpya. Kufikia Ijumaa tupime kina cha mto sehemu kumi, kila mtu aingie majini na kamba yake. Kilomita ameniomba radhi kwa lile blanketi, akasema safari hii twende wote. Nimemwambia asijisumbue. Mzee wa redio aliwahi kuvua samaki pale ujanani, na nimeshamwomba anishikie nafasi kwenye benchi.