Nati Niliyoilegeza Mwenyewe

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimepata njia! Imenijia nikiwa nanyoa ndevu, ndiyo maana nina kidonda kidevuni. Si kitu.

Tatizo ni hili. Lori langu, Tulizana, limemzidi umri binti yangu Dorika, na Dorika ana watoto. Lakini ni dizeli ya zamani, chuma kitupu. Halina kosa lolote. Wenye makosa ni mafundi wa Ifakara. Wa mwisho aliazima jeki yangu ili aijaribu. Bado anaijaribu, nasikia yuko Mlimba.

Na sasa sina nafasi ya kubahatisha fundi. Mpunga wa Levina, mke wangu, umeshavunwa, umepigwa, umetiwa magunia, umelala shambani Mbingu chini ya turubai. Jumamosi asubuhi Masanja, mfugaji, anaingiza ng'ombe wake kwenye majaruba wale mabua. Tulipatana hivyo mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na siku niliichagua mimi, kwa kujiamini. Ng'ombe akikuta gunia hatauliza ni la nani. Ukiliwa mpunga ule, jasho la Levina la mwaka mzima limekwenda.

Kelestini, kaka yake Levina, amejitolea kuubeba kwa lori lake. Amesema akicheka. Tangu aliponivuta kwa kamba mbele ya kanisa, watu wakitoka misa, shemeji huyu hucheka kwanza ndipo anisalimie. Nimekataa. Mpunga wa mke wangu utapanda lori la mume wake.

Njia yenyewe sasa. Nimelinda maghala nusu ya maisha yangu. Mwizi humfukuzi, mwizi unamtegea. Jioni hii nimechukua spana, nikalegeza nati moja ya bomba la dizeli, pale karibu na filta. Kidogo tu. Injini inavuta hewa badala ya dizeli, inakohoa, inazima. Ugonjwa ninaujua mimi na Mungu. Fundi atakayeutaja huo, na huo peke yake, ni mwaminifu. Atakayeongeza wa pili ni mwizi. Nashangaa hakuna aliyewahi kulifikiria jambo hili.

Jumanne, 10 Juni

Mtahiniwa wa kwanza, Agapiti. Anaimba kwaya, sauti ya tatu. Shikamoo yake ndefu, ameinama hadi nikaona kisogo. Akauliza hali yangu, ya mama, ya wajukuu. Lori hakuliuliza.

Nikapiga stata. Likakohoa, likazima. Agapiti akafumba macho akasikiliza, akasikitika kama amefiwa. Akasema pampu ya dizeli imekufa. Ifunguliwe yote, ipelekwe Morogoro, yeye atasafiri nayo mwenyewe ili isilale njiani peke yake.

Sifuri! Nikamshukuru kwa adabu na kumsindikiza hadi barabarani. Levina akauliza mbona natabasamu na gari haliwaki. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kuna mambo ya kiufundi. Akarudi kupepeta mchele.

Jumatano, 11 Juni

Wa pili, Rabia. Ana gereji yake upande wa Kibaoni, mwanamke mnene wa ovaroli ya bluu, anatafuna karanga muda wote. Shikamoo yake fupi. Hakuuliza wajukuu. Alipitisha kidole kwenye bomba la dizeli, kikasimama kwenye nati yangu. Akaikaza, akatoa hewa, akasema nipige stata. Tulizana likanguruma mpaka kuku wakakimbia.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpe kazi. Ndipo akaharibu. Akaingia upande wa feni, akalitikisatikisa, akasema beringi ya pampu ya maji imekwisha. Nikienda Mbingu mtupu nitafika. Nikirudi na mzigo sirudi.

Ugonjwa wa pili! Nimetega panya mmoja, mtu ananitolea wawili. Na alikuwa anakwenda vizuri. Hawa ndio hatari zaidi, wezi wenye kipaji. Nikamwambia ahsante, nitafikiria.

Akiondoka akasema, na Levina yupo, kwamba nati ile haikulegea yenyewe. Ina alama mpya za spana. Tuangalie ni nani anatuchezea hapa nyumbani.

Levina akanigeukia. Ilibidi niseme kitu. Sikumtaja mtu. Nilisema tu kuwa kuna ndugu wengine hawapendi kuona lori la mwenzao likitembea, hasa wenye malori.

Jioni Levina akampigia kaka yake, akamwita mhalifu. Alikuwa uani, lakini nilisikia kila neno. Mama yao alikuwa kando ya Kelestini na simu ilikuwa kwenye spika. Mwishowe Kelestini akasema lori lake tusilitaje tena, hata mpunga uliwe hadi kamba za magunia.

Nilijisikia vibaya kidogo. Lakini ni mtihani. Mtihani hauvunjwi katikati.

Alhamisi, 12 Juni

Usiku nililegeza tena nati. Asubuhi kabla sijanywa chai, nani mlangoni? Agapiti! Amekuja mwenyewe, hajaitwa.

Akasema hajalala tangu juzi. Dhamiri inamsuta. Huenda alikosea kuhusu pampu, naomba mzee wangu nitazame tena. Nikafungua boneti. Hakuniomba hata nipige stata. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye nati, bila kupapasa. Akaikaza. Akasema ndiyo hiyo tu, mzee wangu, kwingine kote gari ni zima.

Nikamuuliza, kumtega, vipi kuhusu pampu ya maji? Akaapa kuwa pampu ya maji kama ile hajapata kuiona, ni ya kufa nayo.

Mia kwa mia! Mtu aliyetubu ana thamani kuliko asiyekosea, Padri husema kila Kwaresima. Nimempa kazi papo hapo. Amebadilisha oili, amefuta boneti kwa kitambaa, ameimba. Kesho Mbingu.

Levina ameuliza kwa nini si yule mama wa karanga. Nikamweleza kuwa yule ana tamaa. Akasema namba yake ameshaihifadhi. Nikamwambia ahifadhi tu, simu ni yake.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika ndani ya kabini. Tupo Mbingu, bado.

Kwenda kulikuwa sherehe. Vumbi nyuma, upepo mbele, nikawapigia honi wote niwajuao na wachache nisiowajua. Vibarua wamepakia magunia yote hadi juu. Levina aliona maji yanadondoka chini ya feni. Nikamwambia gari kubwa hutoa jasho.

Tukaondoka. Hatukumaliza hata majaruba. Feni lilipiga kelele kama nguruwe aliyeshikwa mguu, mvuke ukafunika kioo, mshale wa joto ukalala upande mwekundu. Kimya.

Lori limesimama katikati ya njia ya ng'ombe ya Masanja. Lina mpunga wote wa Levina mgongoni, na magunia ya chini yapo sawasawa na mdomo wa ng'ombe mrefu.

Nimempigia Agapiti. Yuko mazoezini, wana wimbo mpya. Nimempigia tena. Simu haipatikani. Maskini, chaji imemwishia.

Vibarua wameshaondoka. Levina amekaa juu ya turubai na hataki kuingia kabini. Nimemwambia kuwa kesho Mungu atafungua njia. Amesema njia haijafungwa na Mungu.

Jumamosi, 14 Juni

Nilisikia kengele zao kabla ya jua kupanda. Ng'ombe, ng'ombe, na nyuma yao ng'ombe. Masanja akaja na fimbo mabegani, akatusalimu vizuri, akauliza kama lori ni sehemu ya mapatano.

Dume la mbele halikungoja jibu. Lilitoboa gunia kwa pembe, mpunga ukamwagika, wenzake wakaja. Levina alishuka akaanza kuwachapa kwa kanga huku analia. Sijamwona akilia hivyo tangu msiba wa baba yake. Nilishika mkia wa mmoja, nikavuta. Haikusaidia.

Masanja ndiye aliyewageuza, kwa mluzi. Akasema siku ni yake na sisi tunajua. Watu wa majaruba ya pili nao wamempa siku yao, hawezi kukesha na kundi lenye njaa. Lakini mama analia, basi atawazuia ng'ambo ya mfereji hadi jua la utosini. Baada ya hapo njia ni ya ng'ombe. Nikasema hilo ni la haki. Levina alikuwa ameshatoa simu.

Rabia alikuja na bodaboda, pampu ya maji ya kuukuu mapajani. Nilingoja acheke. Hakucheka, na hilo liliniudhi. Alilala chini ya feni, akafungua, akafunga, akapiga nyundo, jua likipanda. Masanja ng'ambo ya mfereji alikuwa ameshanyanyuka mara mbili kutazama kivuli chake.

Akiwa chini kule alimsimulia Levina habari. Kwamba Jumatano kwenye kibanda cha soda aliwasimulia mafundi wenzake juu ya lori lenye nati iliyolegezwa kwa spana, na Agapiti alikuwepo, akauliza ni nati ipi. Wivu wa kazi tu.

Kisha akachukua ndoo aende mferejini kuchota maji ya rejeta. Hapo ikanijia. Huyu mwanamke alisema pampu ya maji ni mbovu, ikawa mbovu. Sawa. Lakini je, sasa akikuta kosa jingine, akiwa na haraka na sisi tukiwa hatuna pa kukimbilia, atasema ukweli? Hakuna saa nzuri ya kumjua mtu kuliko hiyo. Nikatoa spana mfukoni. Nikalegeza nati. Kidogo tu.

"Eustaki."

Si Baba Dorika. Eustaki. Levina alikuwa nyuma yangu na gunia lililotoboka mikononi.

"Kumbe ni wewe. Nimemwita kaka yangu mhalifu, mama akisikia, na kumbe ni wewe."

Nilianza kumweleza kuhusu mtihani. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu, kuanzia maghala. Alinyoosha mkono tu. Nikampa spana.

Rabia akarudi na ndoo. Akatazama nati. Akanitazama mimi. Akasema, "Mzee, hii nimeshaikuta," akaikaza, akamimina maji, akapiga stata mwenyewe. Tulizana likawaka. Masanja alipiga mluzi na kengele zikaanza kuvuka mfereji. Tulipita mbele ya pembe zao kwa nafasi ya gunia moja.

Levina alisema Rabia aendeshe na yeye akae naye mbele. Mimi nikapanda juu ya magunia. Nimeingia Ifakara hivyo, mweupe kwa vumbi, wa kupungiwa mkono. Kelestini alikuwa amesimama Kibaoni. Hakucheka. Alivua kofia.

Jumapili, 15 Juni

Mpunga uko ndani, salama, pungufu ya gunia lile. Levina baada ya misa ya kwanza alikwenda kwa kaka yake kuomba radhi, kwa niaba yangu na bila mimi. Amerudi na macho mekundu lakini anaongea. Anaongea na majirani kwanza, zamu yangu itafika.

Rabia amekubali kulihudumia Tulizana, kwa sharti moja. Spana zote zikae kwa Levina. Levina amezifunga kwenye doti la kitenge na sijui ameziweka wapi. Nimetafuta.

Nikitazama juma zima kwa utulivu, naona jambo moja wazi. Mtihani umefaulu! Nilitaka fundi mwaminifu, nimempata. Aligundua kosa, akasema kweli, tena mara mbili. Bila nati yangu ningemjuaje? Watu hawalioni hili. Agapiti naye nimemwona kwenye kwaya leo, ameimba kwa uchungu mwingi. Aliyetubu mara moja anaweza kutubu tena.

Jioni hii amekuja Kelestini. Tumepeana mikono. Amesema yamekwisha, shemeji, sisi ni watu wa nyumba moja, hata nikikosewa tena sitamshuku mtu bila ushahidi. Maneno mazuri sana. Levina amefurahi, amempikia kuku, na wakati wa kula wametaniana kama zamani. Nimefurahi kumwona hivyo, kwa kweli nimefurahi.

Lakini maneno mazuri hata Agapiti anayo. Mtu utajuaje kama amesamehe kwa moyo?

Amekuja kwa baiskeli, ameiegemeza nje ukutani. Levina ameficha spana. Koleo la jikoni hajaliwazia. Nimelegeza nati ya tandiko, kidogo tu. Akiwa amesamehe kweli, hatanishuku.

Ameaga sasa hivi. Levina amemsindikiza hadi njiani, wanacheka. Nasikia kengele ya baiskeli, anapanda.

Kishindo. Na sasa nasikia akiita jina langu.

Amefeli.