Timu ya Visiwa vya Mbali

Teleza alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, ndevu za upande mmoja zimeshaondoka na za upande wa pili bado, alipomsikia dereva wa kamati ya mashindano akilalamika. Mashindano ya kimataifa ya raga ya wanawake yanaanza keshokutwa, dereva alisema, timu nane, televisheni inakuja, na timu moja imekwama kwao kwa mambo ya vibali. Mwenyekiti wa kamati hali, halali. Nafasi ile isipozibwa, aibu ni yake.

Teleza akashuka kwenye kiti hivyo hivyo. Kinyozi akamwambia bado nusu. Akajibu kwamba nusu inatosha, nyingine aiweke akiba. Na tumsifu kidogo mtu huyu kabla hatujamlaani, maana wengine wakisikia tatizo huona tatizo, yeye aliona mlango umeachwa wazi na mwenye nyumba yuko bafuni.

Mwenyekiti alikuwa mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi, tajiri wa sifa na mkono wa birika. Alikuwa ameuzungushia uwanja mabango ya duka lake mpaka mtu akipita alidhani uwanja wenyewe unauzwa. Teleza aliingia ofisini kwake na miwani myeusi, suti ya michezo, na filimbi shingoni.

"Mimi ni meneja wa timu ya Visiwa vya Mbali," alisema. "Bila shaka unavijua."

"Navijua sana," Mwenyekiti alisema, kwa kuwa hakupenda kuonekana hajui.

"Tulikuwa tunapita tu, safarini. Nikasikia una shida. Nikasema, mtu mwenye jina kama lile aaibike mbele ya dunia nami nipo?"

Mwenyekiti nusura alie. "Wachezaji wako wanajua Kiswahili?"

"Kuliko mimi. Ila mila ya kwetu, mchezaji hafungui kinywa mpaka mechi ya kwanza iishe."

"Na hizo ndevu?"

"Nadhiri. Upande huu wa kwenda, ule wa kurudi."

Wakakubaliana: hoteli, chakula, jezi zenye jina la duka kifuani, na posho ya timu, taslimu, mechi ya kwanza ikiisha. Kwenye neno taslimu Mwenyekiti alikunja uso kama mtu aliyekanyagwa kidole. Hivyo timu ikawa na taifa, hoteli na posho. Ilichokosa ni wachezaji tu.

Teleza alikuwa na dada mkubwa, msimamizi wa wanawake katika jengo la dobi lililofua mashuka na mablanketi ya hospitali. Kazi yao ilikuwa ya mstari. Wa kwanza anachomoa blanketi linalotiririka maji kwenye mashine, analirusha nyuma bila kugeuka, wa pili analidaka na kulirusha nyuma tena, hadi kwenye kamba. Blanketi bichi lina uzito wa mtoto mnene, na likianguka sakafuni linafuliwa upya. Kwa hiyo halikuanguka. Wanawake wale walikuwa na mabega ambayo hata mlango uliwapisha.

"Dada, nimekuletea neema," Teleza alisema.

"Kwanza bati la mama," dada alijibu, bila kuacha kurusha.

Hapo ndipo penye kidonda. Mama yao alikuwa amelala chini ya turubai tangu upepo ulipoondoa paa, na dada alikuwa amempa Teleza hela za mabati mara mbili. Mara mbili hela zile ziliingia mitini pamoja naye. Mama yule ndiye aliyewalea watoto wa wanawake wa dobi wakati wao wako kazini, kwa hiyo turubai lile halikuwa la mama peke yake. Na mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kujikusanya.

"Bati limo humu humu kwenye neema," Teleza alisema. "Mnahitajika saba na wa akiba watatu. Mnalala hotelini, mnakula mpaka mnakataa. Siku ya mechi, filimbi ikilia tu, wewe unaanguka, unashika goti, wote mnatoka. Nachukua posho, nanunua bati, chenji tunagawana."

Mwanamke wa pili kwenye mstari aliuliza mchezo wenyewe ukoje.

"Mpira una umbo la yai. Ukishika unakimbia mbele, lakini pasi ni ya kurudi nyuma tu. Ya mbele ni kosa."

"Kumbe ni blanketi," mwanamke alisema.

Dada alirusha blanketi jingine. Alimjua mdogo wake tangu yuko mgongoni mwake kwenye khanga, na hata huko mgongoni alikuwa na tabia ya kulia ili apewe kisha kucheka. Akasema sawa.

Hotelini wanawake wa Visiwa vya Mbali walinyamaza kama mila ilivyotaka. Mmoja aliingia kwenye bafu la maji ya moto akakataa kutoka. Wengine walipekua mashuka, wakatazamana, wakatikisa kichwa kwa huruma, maana hayakuwa yamesuuzwa vizuri. Dada yeye alikwenda jikoni, akaketi na mwanamke wa kuosha vyombo, na huko mila ilipumzika kidogo. Mwanamke yule alikuwa amewahudumia watu wa raga miaka mingi. Akamweleza kwamba mchezo ule una adabu zake: mechi ikikatika katikati, mambo yote, hata posho, yanamalizwa na meneja kwenye hema la kamati. Ikifika mwisho, meneja haingii uwanjani hata kidogo. Kapteni ndiye anayepewa kipaza sauti.

Siku ya mechi, kwenye basi, dada aliwaambia wenzake aliyoyasikia jikoni na alilokusudia. Hakuna aliyebisha. Mmoja aliuliza tu kama jezi zinabaki.

Uwanja ulifurika. Wapinzani walikuwa wasichana warefu, wenye mapaja ya kazi na tabasamu nzuri, waliokuja toka mbali na kocha, daktari na barafu yao. Teleza alisimama pembeni, begi lake tayari liko nyuma ya jukwaa, pikipiki ya kukodi inamsubiri. Filimbi ikalia. Akamkonyeza dada. Dada akaudaka mpira, akakimbia.

"Goti," Teleza alinong'ona. "Dada, goti."

Goti lilikuwa zima na linaendelea na safari. Aliangushwa, ndiyo, tena vibaya, ila aliinuka akajipangusa na kurudi kwenye mstari. Sitawadanganya, walifungwa. Walifungwa mpaka mtu wa ubao wa matokeo akaomba kiti. Lakini karibu na mwisho mvua ya ghafla ilipita, mpira ukaloa, wasichana wa watu ukawa unawateleza, na dada akaupata. Akaurusha nyuma bila kugeuka. Wa pili akaudaka, akaurusha nyuma. Wa tatu, wa nne, kutoka upande huu wa uwanja hadi ule, hakuna aliyetazama na hakuna aliyedondosha, na yule wa bafu la maji ya moto akajikuta peke yake mbele ya mstari wa goli. Akauvuka, akaulaza mpira chini taratibu, kama anayeogopa kuuamsha. Bao. Uwanja mzima ukasimama. Mzee mmoja jukwaani alimwambia jirani yake kwamba yule anafanana mno na mama wa dobi, akaambiwa aache ushamba, yule ni mgeni wa kimataifa.

Mechi ikaisha. Teleza alikuwa ameshafika hemani na mkono ameukunjua, lakini Mwenyekiti alikuwa anatetemeka kwa furaha, kamera zote zinamtazama.

"Mila imefunguka," alisema. "Kapteni anazungumza. Njoo usimame hapa nami." Akamshika mkono Teleza, mkono ule ule uliokuwa unasubiri posho.

Dada, ndiye kapteni, alishika kipaza sauti, tope hadi kwenye nyusi.

"Tunawashukuru," alisema. "Meneja wetu ni mtu wa huruma ambayo hapendi ionekane. Ametuambia posho yetu tusiiguse. Anaomba Mwenyekiti ailipe kwa mabati, aezekewe mama mmoja mzee wa mji huu tuliyeona analala chini ya turubai. Na ameahidi misumari yote, wa kwanza hadi wa mwisho, ataipigilia kwa mkono wake."

Mwenyekiti aliposikia mabati badala ya taslimu, alimkumbatia Teleza kwa dhati. Dukani kwake kulikuwa na shehena iliyokosa mnunuzi. Watu walipiga makofi, na wasichana wale warefu wakambeba Teleza juu juu hadi kwenye lori la mabati, wengine wanalia. Alitabasamu, akapunga mkono. Angefanya nini? Pikipiki aliiona kwa mbali ikipakia abiria mwingine.

Lori lilifika kwa mama, kamera nyuma yake. Majirani walimtambua Teleza kabla hajashuka, wakakaa kimya wote, kwa kuwa hakuna aliyetaka bati ligeuze njia. Mama alikuwa kwenye kigoda, watoto wa watu wamemzunguka. Aliitazama miwani, akaitazama nusu ya ndevu, akamtazama binti yake mwenye tope. Kisha akayatazama mabati, na midomo ikamcheza kidogo.

"Mama, huyu mgeni unamfahamu?" mtangazaji aliuliza.

"Nitamfahamu wapi? Mimi nina mtoto mmoja tu wa kiume, na huyo hajui hata nyundo inashikwa upande gani."

Teleza akapanda. Jua lilikuwa limerudi kali, bati linaunguza, kila msumari wa pili ulikuwa kidole chake. Wanawake wa dobi walimrushia mabati kutoka chini, mkono kwa mkono, bila kumpa nafasi ya kupumua. Alipofika kwenye bati la mwisho, shati limemganda, akachungulia ngazi iko wapi. Mama alikuwa ameikalia.

"Mwambieni mgeni asishuke," mama alisema. "Jikoni nako kunavuja."